UZI: Jumamosi moja Dunga: nyuzi nane, ngoma tatu na magunia ya chupa

#1 Nyuzi_Nane (Kisumu)

Habari za jioni wadau. Niliahidi kwenye ule uzi mwingine kwamba nitaandika yaliyotokea Dunga, ile bichi ya Ziwa Victoria hapa Kisumu, na watu watatu wameshanisumbua inboksi, kwa hivyo leo nakaa chini niimalize. Ni ndefu. Asiye na subira arukie pale kwenye pakruok, ndiko kwenye utamu.

Mimi napiga nyatiti, kinubi cha Kijaluo cha nyuzi nane. Si kwa jina kubwa, ni matanga na harusi, na siku za wiki nafundisha shule ya msingi. Mwaka jana niliitwa mara mbili kupiga kwenye hafla za mazingira. Zote zilikuwa na sura moja: hema jeupe, fulana za kijani, spika kubwa kuliko duka, halafu unaagizwa utunge wimbo wa dakika nne ambao lazima uwe na ziwa, takataka na vizazi vijavyo. Nikatunga. Nikaimba. Watu wakapiga makofi, wakanywa soda, na chupa zikabaki kwenye nyasi pale pale nilipokuwa nimeweka kigoda changu. Nilizihesabu nikingoja tuktuk. 41.

Basi mimi na jamaa wawili tukasema tufanye yetu, bila hema na bila kumwambia mtu lolote kuhusu taka. Tuite tu wapigaji wanaokaa kwenye mito inayokuja kwetu. Nzoia inatoka Elgon na Cherang'any, inapita kwa Waluhya mpaka Budalang'i. Nyando inatoka milima ya Nandi. Sondu inatoka Mau, inateremka kwa Wakipsigis, inapita soko la Sondu ambalo sote tunajua limeonja mapigano ya mpakani, ndipo inafika kwetu. Kila mto una watu wa juu na watu wa chini ambao hukutana tu kwenye mahindi au kwenye mawe. Na kila upande una ala yake.

Tukapata ngoma za isukuti kutoka Kakamega, chepkong', kinubi cha Wakipsigis, kutoka upande wa Kericho, na obokano, kinubi cha Kisii, ile kubwa inayonguruma kama fahali mwenye mawazo. Litungu, kinubi cha Wabukusu, tulikosa, mzee wake alikuwa na msiba. Nyatiti tulikuwa wawili. Lugha ilikuwa Kiswahili, maana hakuna nyingine iliyotutosha sote.

Saa ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Vinubi hivi ni ndugu, ukiviweka pamoja unaona kabisa vimezaliwa nyumba moja, lakini hakuna viwili vilivyokuwa vimefungwa sauti sawa, na hakuna mzee aliyetaka kulegeza nyuzi zake kumfuata mwingine. Wa chepkong' akasema yeye ametoka mbali, afuatwe. Mwenzangu wa nyatiti akasema mgeni hufuata mwenyeji. Wa obokano hakujibu. Alipiga uzi wake mnene mara moja, *mmmm*, akatuangalia. Kwa kuwa obokano ndiyo yenye kazi zaidi kuifunga upya, tukaifuata. Msidhani ni hekima, ni uvivu.

Lakini ile nusu saa ya kuzungusha vitambaa kwenye mti wa juu, tukivuta uzi mmoja mmoja, ndipo watu walipoanza kuulizana. Huu wako ni wa nini? Zamani nyuzi za nyatiti zilikuwa kano za ng'ombe. Zangu ni nailoni ya kuvulia samaki, ile ile inayouzwa kibandani kwa mita. Za mwenzangu nailoni. Za mzee wa Kericho, nailoni. Kando yetu kulikuwa na mvuvi anashona wavu, akacheka mpaka akaweka sindano chini. "Kwa hivyo nyote mnapigia vitu vyangu!" Akaokota kipande kilichokwama kwenye mafunjo, akaeleza kwamba nailoni ikikatika majini haiozi, inaendelea kuvua peke yake usiku na mchana, inakamata samaki asiye na wa kumla. Mzee wa chepkong' alikishika kile kipande muda mrefu. Kisha akakilinganisha na uzi wake wa tatu, akasema kinatosha. Akakifunga. Alipiga nacho siku nzima.

Pakruok sasa. Kwa msioijua: kwenye muziki wetu wa Kijaluo, msikilizaji ana haki ya kusimamisha wimbo katikati. Anatoa pesa, ala zinanyamaza, anajisifu yeye au shemeji yake au kijiji chake, kisha thum, yaani muziki, inaendelea. Mwenye pesa anasimamisha mara kumi. Asiye nazo anakaa kimya na wivu wake.

Tukatangaza: leo pesa hazishiki. Kusimamisha muziki ni gunia moja la taka za hapa ufuoni, limejaa, limefungwa mdomo.

Dakika kumi hakuna aliyesogea. Nikaona tumefeli. Halafu mama mmoja wa Kibuye akaja na gunia kichwani, akalitua miguuni pangu, akainua mkono. Tukanyamaza. "Mimi binti wa Seme! Mwuza omena ambaye gorogoro lake halina kitako kilichobonyezwa!" Bichi ikalipuka. Baada ya hapo sikumaliza wimbo hata mmoja.

Aliyenimaliza mimi ni jamaa mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi Kondele. Akaja na gunia, jasho, lafudhi ya mlimani haifichiki. "Mimi mjukuu wa Nyeri, shemeji wa Karachuonyo, ninayekula ngege mpaka kichwa!" Vijana wa isukuti wakampigia pembe bila kuambiwa. Baadaye alikuja pale kwenye kigoda, akaniambia alihama Kisumu Januari 2008, wakati wa fujo za uchaguzi, na vitu vyake kwenye lori la mtu, akarudi baada ya mwaka na nusu, na miaka yote hiyo amehudhuria matanga na harusi zetu bila kusimamisha muziki hata siku moja. Alidhani si haki yake.

Makosa yalikuwepo, nayo nitayataja. Moja: ngoma zililegea kwa unyevu wa ziwa, wapigaji wakaomba moto wa kukausha ngozi. Watoto wakakimbia kutafuta kuni, wakarudi na chupa za plastiki, wakazitupa motoni. Moshi mweusi, katikati ya shughuli yetu ya mazingira! Kuna mtu ana picha, namwomba kwa heshima azifute. Mbili: tulipata magunia 17, na gari tuliloahidiwa kuja kuyachukua halikuja siku hiyo, wala kesho yake. Yalikaa pale siku tisa. Mbuzi wakatoboa mawili.

Tunataka kurudia, na safari hii juu ya mto, Sondu penyewe. Nishaurini.

#2 Shangazi_Kibuye

Mwanangu, mbona umeandika mara moja? Nilisimamisha mara mbili. Gunia la pili niliwasifu wakwe zangu, na hilo ndilo wamelisikia mpaka Siaya. Rekebisha.

#3 Nyuzi_Nane

Samahani sana mama. Mara mbili. Na la pili lilikuwa zito kuliko la kwanza.

#4 MvuviWaUsiku

Nimesoma yote na nimecheka pale pa moshi. Sasa niseme langu, na mwalimu usikasirike.

Mimi natoka ziwani saa kumi na mbili asubuhi. Chupa hazininyimi usingizi. Kinachoninyima ni gugumaji, lile gugu linaloelea ziwani. Lilianza kuonekana upande wetu karibu 1990, miaka ya tisini mwishoni likafunga ghuba mpaka meli zikakwama, wakaleta mbawakawa wa kulila, likapungua, likarudi. Mpaka leo upepo ukigeuka linaweza kufunga bichi usiku mmoja, na wewe umeacha nyavu nje. Linanenepa kwa nini? Linakula mbolea inayoteremka na mito na maji machafu ya mji. Hakuna gunia la chupa litakaloliondoa hilo. Ukiniambia muziki umemfanya mwenye shamba kule juu aache kulima mpaka ukingoni mwa mto, nitakuja kusimamisha na boti nzima.

Halafu watu wanakusanya chupa wanapiga picha, wanaenda nyumbani wakiwa wasafi rohoni. Hiyo ndiyo naiogopa.

#5 Nyuzi_Nane

Sikasiriki. Hoja ya gugumaji ni ya kweli na sina wimbo wa kuijibu. Ila umesema mwenyewe: mwenye shamba wa kule juu. Wewe umewahi kukaa naye? Mimi nilikuwa sijawahi. Yule mzee wa chepkong' analima karibu na kijito kinachoingia Sondu, na jioni aliteremka majini mpaka magotini, akachota maji kwa kiganja, akayaacha yatulie, akaona kilichobaki. Akasema, "Hii ni shamba yangu." Hakuna aliyekuwa amemlaumu kwa lolote. Angelaumiwa angepanda matatu ya kwanza kurudi Kericho.

#6 Chai Rangi (Kericho)

Mzee huyo ni wa kwetu na namfahamu, kwa hivyo niingie. Sahihisho moja la jiografia kabla sijasahau. Sondu inaingia ziwani upande wa Nyakach, si Dunga. Matope mliyoyaona hapo mengi ni ya Nyando, pamoja na Auji inayopita Nyalenda na kila ilichobeba mjini. Mzee alijitwika dhambi isiyo yake. Lakini tusimwambie, maana tangu arudi ameacha ukanda wa nyasi kando ya kijito, hatua kumi hivi, na watoto wake wanamshangaa.

La pili ni zito kidogo. Mwaka 1950 Mwingereza mmoja, Hugh Tracey, alifika Kapkatet, huku kwetu Kericho, na mashine zake akarekodi wasichana wa Kipsigis. Walikuwa wamesikia santuri za Jimmie Rodgers, yule mwimbaji wa Marekani, wakamtungia wimbo kwa mawazo yao, ndani yake akiwa nusu mtu nusu swala. Ona jinsi utamaduni unavyosafiri bila warsha! Lakini kanda zilienda Afrika Kusini zikahifadhiwa huko, dunia ikazisikia, na Kapkatet ikasubiri zaidi ya miaka 60 ndipo nakala zikaletwa kwa wenyewe, wengine wakiwa wazee sana na wengine wameshaondoka.

Ndipo nauliza: Dunga nani alirekodi? Video iko kwa nani? Mzee hana hata simu ya kuiona.

#7 Nyuzi_Nane

Umenishika pabaya. Kijana mmoja alirekodi na kamera nzuri, akasema atatuma. Namfuatilia kesho. Tulikuwa tumepanga chakula, nauli, magunia, hata nani atakaa karibu na nani, lakini hilo hatukulipanga.

#8 Mulembe_K (Kakamega)

Mulembe wote. Mimi nilikuwa kwenye ngoma ya kati, ile mama. Isukuti ni ngoma tatu, baba, mama na mtoto, na pembe ya swala, na njuga. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka ngoma hii ya Waisukha na Waidakho kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Watu husikia hivyo wakapiga vigelegele, kumbe ile ni orodha ya wagonjwa. Mojawapo ya maradhi yaliyotajwa ni ukosefu wa fedha na vifaa vya kutengeneza ala zenyewe.

Vifaa gani? Mti na ngozi. Ngozi ya jadi ni ya kenge, na kenge ni mnyama wa porini. Tangu sheria ya wanyamapori ya 2013 huwezi kutembea na ngozi yake bila kibali ukasema ni utamaduni. Zile za Dunga ni za zamani, za baba yangu. Ngoma mpya tunawamba ngozi ya mbuzi au ndama. Zinalia, sitasema hazilii, lakini ya mbuzi inasema *bu* na ya kenge inasema *pa*, na mchezaji wa zamani akisikia *bu* mguu wake unachelewa. Wazee wakakataa kabisa mwanzoni. Sasa tumeelewana hivi: baba anabaki na kenge wake wa zamani mpaka achanike mwenyewe, mama na mtoto wanavaa mbuzi.

Mti ndio mukomari. Msitu wa Kakamega ndio kipande cha mwisho upande huu cha ile misitu mikubwa ya mvua ya Kongo, huendi kukata tu kwa sababu una harusi Jumamosi. Kikundi chetu tulipanda miche 30 nyuma ya kanisa. 11 imeliwa na mbuzi. Mbuzi wale wale ambao ngozi zao tunazitaka. Sijui nicheke au nilie.

Na ule moshi, ndugu zangu, ni mimi niliyeomba moto. Nilisema *kuni*. Nilisema wazi.

#9 Shangazi_Kibuye

Ulisema "chochote kinachowaka", baba. Nilikuwa hapo.

#10 Mulembe_K

Mama huyu haachi kitu.

#11 Jiwe la Mwanza

Wakuu, salamu kutoka ng'ambo ya ziwa. Uzi mtamu. Nawakumbusha tu kwamba nyie Wakenya mna asilimia 6 ya ziwa na maneno yote. Sisi tuna karibu nusu yake na tumekaa kimya tukila dagaa, ambao mnawaita omena.

Kwenye muziki ziwa hili halijawahi kuwa na mpaka. D.O. Misiani mnayemwita babu wa benga alizaliwa Shirati, huku kwetu Mara, akaja kwenu kutafuta riziki, na ajali iliyomuua 2006 ilitokea huko kwenu Kisumu. Benga yake ikapandwa kwa Wakikuyu, kwa Wakamba, kila mtu akaifanya yake. Hakuna aliyemwuliza pasipoti.

Na Machi 2021 lilitoka jahazi hapo Kisumu, lile la Flipflopi lililojengwa Lamu kwa plastiki kuukuu na kuvalishwa kandambili za rangi, likazunguka ziwa mpaka huku. Nilienda kuliona. Watoto walilipenda kuliko hotuba yoyote. Lakini lilikuja, likaondoka, na mimi ninachokumbuka zaidi ni kwamba hapakuwa na kitu cha sisi kufanya ila kutazama. Hapo ndipo naona hii pakruok yenu imewazidi wengi. Swali: watu wa bichi nyingine, wasio Wajaluo, wataelewa haki ya kusimamisha muziki? Msukuma akisimamisha ngoma anaweza kutolewa nje.

#12 Mkaaji wa Lanet (Nakuru)

Natia nanga hapa maana suala la lugha linanihusu.

Nakuru ziwa letu halina mto wa kulitoa maji. Kinachoingia kinabaki, chafu na safi. Tangu karibu 2011 maji yamepanda mpaka lango kuu la mbuga likamezwa, wakahamisha. Chumvi ikazimuliwa, chakula cha heroe kikapungua, na heroe wengi wakahamia Bogoria na kwingineko. Mimi nimekua nikiona ufuo wa waridi kutoka barabarani. Mwanangu ana miaka minane, anawajua kwenye nembo tu.

Sasa muziki. Baada ya 2008 mtaa wetu ulianzisha kwaya ya vijana, Wakikuyu, Wakalenjin, Wajaluo, Wakisii. Sharti lilikuwa moja: ubeti wako uimbe kwa lugha ya jirani, si yako. Mwezi wa kwanza tuliogopa hata kupumua. Kijana mmoja Mkalenjin akaimba ubeti wa Kikuyu kanisani, toni ikateleza, neno la baraka likawa tusi. Silirudii hapa. Kanisa kimya. Halafu ajuza mmoja mstari wa mbele akaanza kucheka, akacheka mpaka leso ikaanguka, na kanisa lote likafuata. Kijana akafundishwa lile neno na ajuza yule yule, kwenye ngazi, baada ya ibada. Walikaa saa nzima. Mtoto wa ajuza alikuwa amechomewa duka, na watu walijua ni vijana wa kutoka upande gani.

Kwaya ilikufa baada ya miaka minne. Mfadhili alikuja, akaleta sare na posho ya mazoezi, akaondoka na posho yake, na sisi tukawa tumeshasahau kuimba bure. Kwa hivyo ushauri wangu kwa mwalimu: wakija na fulana, wakimbie.

#13 Kitabu Wazi

Wakati tuko kwenye wafadhili na maji, kuna jaribio kubwa la aina hii ambalo wengi hapa huenda hawakulifuata. Linaitwa Nile Project. Lilianzishwa 2011 na Mina Girgis, Mmisri, pamoja na mwimbaji Meklit Hadero mwenye asili ya Ethiopia. Wazo: kukusanya wanamuziki kutoka nchi 11 za bonde la Nile, wakae pamoja majuma kadhaa, watunge, kisha wapige. Mkusanyiko wa kwanza ulikuwa Aswan, Misri, Januari 2013. Kenya tuliwakilishwa kwenye mradi huo, Kasiva Mutua alikuwa kwenye ngoma.

Inatuhusuje? Maji yetu ya Sondu na Nzoia yanatoka ziwani kupitia Jinja yakienda Misri. Mwaka 1929 Uingereza na Misri waliandikiana mkataba wa maji hayo bila sisi. Mwaka 1959 Misri na Sudan wakagawana kilomita za ujazo 55.5 na 18.5 kwa mwaka, na nchi za juu hazikuwekewa hata tone. Mkataba mpya wa ushirikiano ulifunguliwa kutiwa sahihi 2010 na ukaanza kutumika 13 Oktoba 2024, baada ya nchi sita kuuridhia. Kenya tulitia sahihi mapema, lakini hatukuwa kati ya hizo sita.

Na sasa angalia vinubi. Misri wana simsimiya, Sudan tanbura, Ethiopia krar, Uganda endongo, nasi nyatiti. Wajaluo wenyewe walishuka kutoka pande za Bahr el Ghazal. Ule ubishi wenu wa nani amfuate nani kufunga nyuzi ndio ubishi wa mto mzima, ila nyinyi mliumaliza kwa nusu saa.

Swali langu gumu: wanamuziki wa Nile walielewana vizuri sana. Mikataba haikusogea kwa ajili yao. Je, muziki unafanya kazi, au unatufurahisha tu tukingoja?

#14 MvuviWaUsiku

Swali hilo ndilo nililouliza #4 kwa Kiswahili cha ziwani.

#15 Nyuzi_Nane

@Kitabu Wazi sijui kuhusu mikataba, mimi ni mwalimu wa darasa la tano. Ninachojua ni hiki: kabla ya Dunga, bei ya kumpigia simu mtu wa Kericho kumwuliza "mvua imenyesha huko?" ilikuwa kubwa mno kwangu. Ningempigia kama nani? Majuzi mzee alinipigia *yeye*, usiku, akasema Sondu imejaa, waambie watu wa chini wafunge ng'ombe. Niliwapigia wawili Nyakach. Nao wakawapigia wengine. Si idara ya hali ya hewa, ni uzi wa tatu wa chepkong'.

@Jiwe la Mwanza hoja ya Msukuma kusimamisha ngoma nimeipenda. Labda kila mahali patumie mlango wake. Isukuti hawana pakruok, ila wana mwimbishaji, na wote wengine ni waitikiaji. Labda gunia linunue nafasi ya kuwa mwimbishaji kwa ubeti mmoja?

#16 Mulembe_K

Hapo umenena. Kwetu watu wangepigania. Kuna mjomba wangu anatamani nafasi hiyo tangu 1987 na sauti yake ni ya kunguru. Angesafisha mto wetu Isiukhu wote.

#17 Kidato_2009

Mimi ni mpita njia, nina kisa kifupi. Tamasha la muziki la shule za Kenya liko tangu 1927, na mimi nilipita humo kama wengi. Tulitunga wimbo wa kupanda miti, sauti nne, mavazi ya majani, tukafika ngazi ya mkoa. Kila usiku wa mazoezi tuliimba "panda mti, panda uhai". Mche tuliobeba jukwaani ulikuwa wa plastiki, kwa sababu mwalimu alisema wa kweli unanyauka kwenye basi. Shuleni hatukupanda hata mmoja. Kikombe bado kipo ofisini, nilikiona juzi. Wimbo nautamka wote mpaka leo, kwa hivyo muziki ulifanya kazi yake. Kazi yetu ndiyo hatukuifanya.

#18 MvuviWaUsiku

Kidato, wa plastiki? Haki ya Mungu.

Haya mwalimu. Nimeelewa habari ya simu ya usiku. Hiyo imenigusa, maana mwaka wa mafuriko nilipoteza injini. Nitakuja Sondu, lakini siji na gunia la chupa. Nitaleta nyavu zangu kuukuu za nailoni, ziko kama kilo thelathini nyuma ya nyumba, niliogopa kuzichoma na niliogopa kuzitupa. Mnazo nyuzi za maisha yote. Zinahesabiwa pakruok ngapi?

#19 Nyuzi_Nane

Kilo thelathini? Simamisha mpaka uchoke.

#20 Shangazi_Kibuye

Huyo mtu akianza kujisifu na kilo thelathini tutalala huko. Wekeni kiwango.

#21 Chai Rangi (Kericho)

Nimetoka kwa mzee jioni hii. Video nimemwonyesha ile ya dakika mbili iliyotumwa (asante kijana wa kamera, bado tunangoja iliyobaki). Aliitazama mara nne. Sondu anakubali, Jumamosi ya pili baada ya mavuno, na atakuja na wapwa zake wawili. Ana sharti moja tu. Anasema Dunga alimfuata mwenye obokano kwa adabu kwa sababu alikuwa mgeni, lakini Sondu ni mtoni kwake, na huko obokano, nyatiti na kila mtu atafunga nyuzi kumfuata yeye.

#22 Nyuzi_Nane

Mwambie tumekubali. Nimeshaanza kulegeza. Ila wa Kisii mwambieni nyinyi.